Miwani ya kuagiza mtandaoni: anza na fremu, ndipo uje kwenye lenzi

*"Daktari, habari ya kazi. Mimi ni mama wa miaka 34, naishi Kondele hapa Kisumu. Nafanya uhasibu, kutwa nzima niko kwenye kompyuta, na jioni narudi nyumbani kwa boda. Nimevaa miwani tangu kidato cha pili. Karatasi yangu ya vipimo, ya miaka miwili iliyopita, inasema jicho la kulia −5.00, silinda −1.25, mhimili 175. La kushoto −4.50, silinda −0.75, mhimili 10. Dukani mjini niliambiwa Sh16,000. Mtandaoni nimeona fremu kubwa ya mraba ninayoipenda sana, imeandikwa 56-18-145, pamoja na lenzi zake kwa Sh5,500. Lakini wanataka niongeze Sh4,000 nipate lenzi nyembamba ya 1.67, na Sh1,500 nyingine ya kuchuja mwanga wa buluu. Wanauliza pia namba inaitwa PD, ambayo kwenye karatasi yangu haipo. Nisipoijaza wanaweka 63. Mama mkwe ananikataza, anasema miwani ya mtandaoni huvuta macho mpaka yaharibike. Ninunue au niache? Na nikinunua, naweza kumwagizia hapo hapo binti yangu wa miaka 9? Programu ya simu ilimpima ikasema −1.00 macho yote mawili."*

Dada yangu, nianze na mama mkwe, kwa sababu miwani ambayo mtu mzima wa nyumbani anaipinga huwezi kuivaa kwa raha. Miwani yenye kipimo kibaya haiharibu jicho la mtu mzima. Itakuumiza kichwa, itakuchosha, pengine itakutia kichefuchefu, lakini ukiivua jicho lako liko vilevile lilivyokuwa. Hata hivyo, mama hajatunga. Watu wengi wamevaa miwani iliyotengenezwa na mtu asiyewaona, wakahisi macho yanavutwa kweli. Hali hiyo ina sababu, na sababu yenyewe inapimika kwa rula. Kwa mtoto mambo ni mengine kabisa, nitafika huko.

Jibu langu kwako ni kwamba unaweza kununua mtandaoni, lakini usinunue fremu hiyo, usitumie karatasi hiyo, na usiwaachie wakuwekee 63. Binti yako usimwagizie chochote kwa sasa.

Tuanze na hiyo PD, maana ndiyo namba ndogo inayoleta taabu kubwa. PD ni umbali kati ya mboni yako ya kulia na ya kushoto, kwa milimita, unapotazama mbali. Watu wazima wengi wako kati ya 56 na 72. Kila lenzi ya miwani ina kitovu chake, sehemu moja ambapo mwanga unapita moja kwa moja bila kupindishwa. Kitovu hicho kinatakiwa kikae mbele ya mboni yako. Ukitazama kupitia sehemu nyingine ya lenzi, mwanga unapindishwa upande, na kitu unachokitazama kinaonekana kimesogea kutoka mahali pake. Macho yako mawili yakisogezewa kitu kila moja kivyake, misuli inalazimika kuyageuza ili picha mbili ziwe moja. Kazi hiyo inafanyika kimyakimya mchana kutwa bila wewe kujua, na kufika saa kumi jioni kichwa kinagonga.

Ukubwa wa tatizo unategemea nguvu ya lenzi, na hapa ndipo wewe unatofautiana na rafiki yako mwenye −1.00 ambaye aliagiza akafurahi. Kanuni tunayotumia ni kuzidisha umbali kutoka kwenye kitovu, kwa sentimita, na nguvu ya lenzi. Tuseme PD yako halisi ni 67, nao wakaweka 63. Kila jicho litakuwa milimita 2 nje ya kitovu. Kulia, 0.2 mara 5 ni 1. Kushoto, 0.2 mara 4.5 ni 0.9. Jumla unakaribia prizimu 2 (prizimu ni kipimo cha jinsi mwanga unavyopindishwa upande), na kwa lenzi za kutoa kama zako, yaani zenye alama ya −, macho yatalazimika kugeukia puani wakati wote, hata ukitazama kitu kilicho mbali. Rafiki yako wa −1.00 kwa kosa lile lile angepata 0.4 tu, asihisi lolote. Kosa likiwa la upande wa pili, yaani vitovu vikae mbali kuliko mboni, huwa baya zaidi, kwa sababu macho ya binadamu hugeukia ndani kwa urahisi lakini kujitanua nje yanaweza kidogo sana.

Basi kuvutwa anakosema mama ndiko huku.

Namna bora ya kupata PD ni kumwomba aliyekupima aiandike kwenye karatasi, na aandike ya kila jicho kivyake kutoka katikati ya pua, kwa sababu si pua zote ziko katikati kamili. Mtu anaweza kuwa na 34 kulia na 33 kushoto. Kuna kifaa cha kuipima na kazi yake haifiki dakika moja. Wapo wanaosita kuiandika wakijua unaenda kununua kwingine. Omba kwa heshima, ulipie huduma hiyo ikihitajika, lakini uondoke nayo.

Ukikosa kabisa, kuna njia ya nyumbani ninayoiamini kuliko ya kusimama mbele ya kioo na rula. Vaa miwani yako ya sasa. Simama mlangoni utazame kitu chembamba kilicho mbali, mlingoti au nguzo ya stima, kichwa kikiwa wima. Funga jicho la kushoto. Mtu wako achukue kalamu ya wino mzito na, kwa maelekezo yako, aweke nukta kwenye lenzi ya kulia pale pale inapokaa juu ya ile nguzo unayoiona. Bila kusogeza kichwa, funga jicho la kulia, mfanye hivyo upande wa kushoto. Fungua macho yote mawili: nukta mbili zikionekana kama nukta moja iliyokaa juu ya nguzo, mmepata. Vua miwani, pima kwa rula ya milimita kutoka nukta hadi nukta. Futa kwa maji na sabuni, rudia mara tatu. Namba zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 1, nenda kapimwe.

Sasa fremu, na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa kuwa ndipo zile Sh4,000 zako zilipo.

Namba 56-18-145 maana yake ni hii: kila lenzi ina upana wa milimita 56, daraja la puani ni milimita 18, na mkono una urefu wa milimita 145. Jumlisha mbili za kwanza, 56 na 18, upate 74. Huo ndio umbali kutoka katikati ya lenzi moja hadi katikati ya nyingine. Kama PD yako ni 67, mboni zako hazitakaa katikati ya fremu hiyo. Kila moja itasogea milimita 3.5 kuelekea puani. Fundi atalazimika kusogeza kitovu cha lenzi kifuate mboni, kwa hiyo upande wa sikioni lenzi inabaki ndefu. Lenzi ya kutoa ni nyembamba kwenye kitovu na hunenepa kadiri unavyokwenda ukingoni. Na hainenepi taratibu: umbali kutoka kwenye kitovu ukiongezeka mara mbili, unene unaoongezeka ni mara nne.

Nimekupigia hesabu ya jicho la kulia kwa makadirio. Fremu hiyo ya 56, ukiweka lenzi ya kawaida ya 1.50 (namba hizi za lenzi nitazieleza hapo chini), ukingo wa upande wa sikioni utakuwa karibu milimita 7. Ukiongeza Sh4,000 uweke 1.67, utashuka hadi milimita 5 hivi. Lakini ukichagua fremu ya 48-20, ambayo jumla yake ni 68 na hivyo inakaribia sana PD yako, lenzi ile ile ya kawaida ya 1.50 itakupa ukingo wa milimita 5. Yaani lenzi ya bei ya chini kwenye fremu ndogo inalingana unene na lenzi ya bei ghali kwenye fremu kubwa. Hiyo ndogo ukiiwekea ya 1.60, unafika karibu milimita 4, ambapo fremu kubwa haifiki hata ukiilipia 1.67. Na huo mraba unaoupenda unaongeza jambo jingine: pembe zake ziko mbali na kitovu kuliko ukingo wa pembeni, hivyo ni nene zaidi ya hizo namba nilizokutajia. Kwa nguvu kama yako, umbo la duara au la yai lina faida ya wazi.

Najua fremu kubwa ndizo zinapendwa sasa, na sitaki kukunyima kitu kinachokupendeza. Ila nimewaona kina dada wengi wenye −5 na −6 wakipokea fremu kubwa na kukata tamaa papo hapo: lenzi imetokeza nyuma ya fremu, miwani ni mizito, inateleza, na ukiwatazama usoni mstari wa shavu umeingia ndani pale lenzi inapoishia. Mchoro wa kwenye skrini unaokuvisha fremu hauonyeshi hayo, kwa sababu unakuvisha fremu isiyo na lenzi yako ndani.

Usiogope kwamba 48 au 50 itakubana. Uso mpana hauhitaji lenzi pana. Unahitaji fremu yenye masikio mapana pale mkono unapoungana na mbele. Chukua miwani yako ya sasa, usome namba zilizo ndani ya mkono, kisha upime kwa rula upana wake wote wa mbele, bawaba hadi bawaba. Kama hii ya sasa haikubani kichwani wala hailegei, tafuta mpya yenye upana huo huo wa mbele, tofauti isizidi milimita 3 hivi. Wauzaji makini huandika upana huo. Asiyeuandika, mwandikie umuulize.

Daraja la puani nalo linastahili neno. Fremu nyingi za plastiki zinazouzwa mtandaoni zina daraja lililochongwa moja kwa moja, lisilorekebishika, kwa pua nyembamba iliyoinuka juu. Wengi wetu huku daraja la pua ni pana na liko chini zaidi. Fremu ya namna hiyo itakaa kwenye mashavu badala ya puani, ukicheka inapanda, ukitoka jasho inashuka. Na miwani ikishuka puani, kwa lenzi za kutoa kama zako, nguvu yake kwenye jicho inapungua kidogo. Ndiyo maana watu huisukuma juu kila mara wakitaka kusoma kitu cha mbali. Kwa mtu ninayemshauri bila kumwona, huwa nasema achukue fremu yenye vile vipira viwili vidogo vya puani vinavyoshikwa na waya, maana hivyo fundi yeyote anaweza kuvipanua au kuvibana. Rangi na urembo chagua upendavyo. Fremu isiyo na ukingo wa chini iepuke tu, itaanika unene wa lenzi.

Kuhusu lenzi yenyewe, hizo namba 1.50, 1.56, 1.60, 1.67 zinaonyesha jinsi plastiki ya lenzi inavyopinda mwanga. Namba ikiwa kubwa, mwanga unapindwa zaidi kwa plastiki kidogo, na lenzi inakuwa nyembamba. Watu hudhani namba kubwa maana yake ni kuona vizuri zaidi. Sivyo. Kuna gharama mbili zinazofichika. Kwanza, lenzi za namba kubwa hurudisha mwanga mwingi zaidi: ya 1.50 isiyo na mpako wa kuzuia mng'ao hurudisha karibu asilimia 8 ya mwanga, ya 1.67 hufika karibu asilimia 12. Pili, huwa zinatawanya rangi zaidi, hivyo ukitazama kwa pembeni ya lenzi unaweza kuona ukingo wa buluu au wa manjano kwenye herufi nyeusi. Wewe unayepitisha macho kwenye safu za tarakimu kutwa nzima ungeliona hilo. Kwa kipimo chako na fremu ndogo, mimi ningechukua 1.60 na kuishia hapo. Mtu aliye chini ya −2.00 hana haja ya kulipia zaidi ya 1.50. Ukipita −6.00 hapo 1.67 inaanza kustahili bei yake.

Polikaboneti, yenye 1.59, utaiona pia kwenye orodha. Sifa yake ni ugumu wa kuhimili kishindo, si uwazi. Ni nzuri kwa watoto na kwa mtu anayekata vyuma au kuchonga mawe. Kwako si lazima, japo safari ya boda ina vijiwe vinavyoruka; kwa hilo kofia yenye kioo cha mbele inakukinga vizuri zaidi ya lenzi yoyote.

Mwanga wa buluu: usilipe hiyo Sh1,500. Mwaka 2023 Cochrane, kikundi cha watafiti kinachokusanya na kupima ushahidi wa tiba, kilipitia majaribio 17 kuhusu lenzi hizi na hakikuona kwamba zinapunguza uchovu wa macho kwa watu wa kompyuta, angalau kwa muda mfupi ambao majaribio hayo yalifanyika. Jua la mchana hapa kwetu linakupa mwanga wa buluu mwingi mno kuliko skrini yoyote. Kinachokuchosha kazini ni kwamba ukikodolea skrini unapepesa macho mara chache sana, jicho linakauka, na misuli ya ndani inabaki imekazwa kwa umbali mmoja. Kila baada ya dakika 20 hivi inua macho, tazama nje dirishani kitu kilicho mita 6 au zaidi kwa sekunde 20, na upepese kwa makusudi. Feni isikupige usoni. Ukifanya hayo na macho bado yanawaka, hilo ni la kupimwa, si la kununuliwa lenzi.

Pesa hiyo iweke kwenye mpako wa kuzuia mng'ao. Huo nitautetea kwa yeyote. Unapunguza yale mataa ya magari yanayotawanyika usiku ukiwa barabarani, unaondoa kivuli cha taa za ofisi kwenye lenzi, na wenzako wanaona macho yako badala ya kuona dirisha. Udhaifu wake ni vumbi. Ukifuta lenzi kavu kwa pindo la leso, unasugua mchanga juu ya mpako. Ipitishe kwanza kwenye maji safi na tone la sabuni ya vyombo, ndipo uifute kwa kitambaa laini cha pamba. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani, joto hupasua mpako ukawa na mistari midogo kama utando.

Hukuuliza juu ya zile zinazobadilika rangi juani, lakini watakuuzia, basi ujue. Zinafanya giza kwa miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, na kioo cha mbele cha gari huzuia sehemu kubwa ya miale hiyo, hivyo garini hazifanyi kazi sana. Joto nalo huzipunguzia giza: mtu aliye kwenye baridi ya Molo atapata giza zaidi ya aliye kwenye joto la Kisumu saa saba mchana, jua likiwa sawa. Si mbaya, ila usizitegemee kama miwani ya jua.

Turudi kwenye karatasi yako. Ina miaka miwili, nawe unatumia macho kazini. Kapimwe upya kabla ya kutumia hata shilingi mbili mtandaoni. Kipimo huweza kusogea, na sukari ya damu ikipanda hubadilisha kipimo hata ndani ya wiki chache. Wako waliogundua ugonjwa wa kisukari kwa njia hiyo. Silinda, ile namba inayosahihisha mpindo usiolingana wa jicho, ikionekana inapanda kila ukipimwa, na hasa kama una mazoea ya kufikicha macho, mwambie anayekupima aangalie umbo la konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho. Na unapojaza fomu, mpe mtu mwingine akusomee namba moja moja. Alama ya kutoa ikigeuka ya kujumlisha, au mhimili, yaani mwelekeo wa hiyo silinda, wa 175 ukawa 75, fundi atatengeneza kama ulivyoandika, na duka halitakurudishia pesa.

Hilo la kurudishiwa lisome kabla ya kutuma M-Pesa. Lenzi zilizokatwa kwa kipimo chako haziwezi kuuzwa kwa mtu mwingine, hivyo wengi hawazipokei tena hata kama fremu wanaipokea. Ukijumlisha kupimwa upya, lenzi ya 1.60 yenye mpako, usafirishaji, na kitu kidogo cha kumpa fundi akurekebishie mikono na vipira vya pua, akiba yako haitakuwa ile Sh10,500 uliyoiona mwanzoni. Bado kuna akiba, na kwa miwani ya pili ya kuweka akiba nyumbani naona ni jambo la busara. Lakini kabla hujaamua rudi pale dukani mjini uombe bei ya fremu na bei ya lenzi kila moja peke yake. Mara nyingi bei kubwa imekaa kwenye fremu yenye jina. Waulize fremu yao ya bei nafuu yenye upana wa 48 au 50 pamoja na lenzi ya 1.60 itakuwa pesa ngapi. Hata kama itazidi ya mtandaoni kidogo, watakuvisha, watakupimia, na ikipinda utarudi kwao kwa miguu. Kuna na njia ya katikati, kununua fremu mtandaoni na kuwekewa lenzi hapa. Waulize kwanza kama wanakubali, na kama ikivunjika wakati wa kuweka lenzi hasara ni ya nani.

Laiti ungekuwa umepita miaka 40 na unahitaji lenzi za kuona mbali na karibu kwa pamoja, zile zisizo na mstari, ningekukataza moja kwa moja kuziagiza mara ya kwanza bila kuonana na mtu. Zile zinahitaji kipimo cha urefu wa mboni ndani ya fremu yenyewe ikiwa usoni pako. Lihifadhi hilo kwa ajili ya miaka ijayo.

Sasa binti yako. Mama, hiyo −1.00 ya simu usiitumie. Jicho la mtoto lina nguvu kubwa ya kujikaza, na mtoto anapotazama ndani ya simu iliyo karibu anaweza kujikaza mpaka aonekane haoni mbali, kumbe kipimo chake ni kingine, hata cha kujumlisha. Ndiyo maana mtoto hupimwa kwa matone yanayolegeza misuli ya ndani ya jicho kwanza. Isitoshe, macho mawili kuwa sawa sawa kabisa kwenye programu kunanitia shaka. Jicho moja likiwa dhaifu kuliko jingine na likaachwa hivyo utotoni, ubongo huzoea kulipuuza, na ukubwani miwani haiwezi kulirudishia uwezo huo. Huko ndiko kuharibika ambako mama mkwe anapaswa kukuhofia. Kwenye miaka 9 bado kuna nafasi, lakini si ya kusubiri likizo nyingi zipite. Kama anafikicha macho kwa mwasho mara kwa mara, sema hivyo mapema: mzio wa macho ni mwingi kwa watoto wa huku, na ufikichaji wa miaka hubadilisha umbo la konea.

Mpeleke mahali wanapopima watoto kwa matone. Hapo mjini kuna idara ya macho kwenye hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, na Hospitali ya Macho ya Sabatia iko Vihiga, safari ya matatu ya kwenda na kurudi siku moja. Ulizia pia kliniki zilizoajiri wahitimu wa optometria, yaani taaluma ya kupima macho kwa ajili ya miwani. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, hufundisha shahada hiyo. Siku hiyo ya matone herufi za karibu zitamtatiza na jua litamsumbua, hivyo nenda na kofia na usimpangie mtihani kesho yake asubuhi.

Kwako wewe mwenyewe kuna dalili ambazo hazingoji miwani wala miadi. Macho ya −5 ni marefu kuliko kawaida na ngozi ya ndani inayopokea picha imenyooshwa, hivyo inaweza kuchanika. Ukiona miale inamweka pembeni ya jicho, vitone vyeusi vingi vinavyotokea ghafla, au kivuli kinachofunika upande mmoja, nenda hospitali ya macho siku hiyo hiyo, hata kama hakuna maumivu.

Miwani ikifika, usiikimbilie kuivaa kazini. Ishike mbele yako kwa mkono ulionyooka, funga jicho moja, tazama kupitia lenzi mojamoja ukingo wima wa mlango. Sogeza miwani kushoto na kulia polepole mpaka ukingo ulio ndani ya lenzi uungane na ulio nje juu na chini, usionekane umekatika. Hapo ndipo kitovu cha lenzi kilipo, weka nukta. Fanya hivyo ya pili, kisha pima nukta hadi nukta. Kwa sababu ya silinda zako mstari unaweza kulala kidogo, hilo si kosa. Umbali ukitofautiana na PD yako kwa zaidi ya milimita 2, wapigie picha ya rula ikiwa juu ya lenzi na uwaandikie siku hiyo hiyo, muda wa kulalamika haujaisha. Ukiwa sawa, ivae nyumbani kwanza. Sakafu kuonekana imeinama au ngazi kuonekana karibu ni kawaida kwa siku chache, hasa silinda ikiwa imebadilika. Kuona vitu viwiliviwili si kawaida: ivue, rudi kwenye ile ya zamani, na upeleke mpya pamoja na karatasi ya vipimo kwa aliyekupima aiweke kwenye mashine yake ya kusomea lenzi, aone kama kilichotengenezwa ndicho kilichoandikwa.